Amplifaya ya besi ya kupigia bendi: jinsi ya kuichagua, kuijaribu na kuifunga

Mpiga solo akikosa sauti, ukumbi mzima unajua. Mpiga besi akikosa sauti, watu wanarudi tu kwenye viti mapema, wala hawajui kwa nini hamu ya kucheza imeisha. Mpiga dramu anaongeza nguvu kufidia, mwimbaji anatafuta noti ya kushikia haipati, na wewe unazidi kuvuta nyuzi mpaka vidole vinatoka malengelenge. Nimepitia usiku wa namna hiyo mara nyingi nilipokuwa naanza. Kila mara chanzo kilikuwa kilekile: amplifaya iliyonunuliwa kwa kusoma namba moja tu, ile ya wati iliyoandikwa kubwa mbele.

Ninayemwandikia hapa ni mpigaji wa bendi yenye dramu, iwe ya dansi, ya kanisani, ya harusi au ya hotelini. Hoja yangu naisema mapema ili uipime unapoendelea kusoma: boksi la spika ndilo linaloamua kama utasikika, kwa hiyo sehemu kubwa ya pesa yako iende huko. Wati siku hizi zinapatikana kirahisi, lakini kazi ya kusukuma hewa imebaki ngumu kama zamani.

Hatua ya 1: Jua nani anaifikisha besi yako kwa msikilizaji

Kabla ya kutaja jina la kampuni yoyote, kaa chini ufikirie maonyesho yako kumi ya mwisho. Mitambo ya ukumbi ilibeba nini?

Kwenye baa nyingi inabeba waimbaji, kinanda na labda tumba, basi. Spika mbili za inchi 15 juu ya stendi, kila upande moja, na fundi mitambo anakwambia waziwazi kwamba ukimpa besi spika hizo zitachanika. Hapo amplifaya yako ndiyo mtambo wa ukumbi kwa upande wa besi. Aliyekaa meza ya mwisho, jirani na jiko la nyama choma, anakutegemea wewe moja kwa moja. Kwa kazi hiyo mimi naanzia wati 500 kwenye ohmu 4 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa boksi, tutaifikia Hatua ya 4), na spika zisizopungua nne za inchi 10 au mbili za inchi 12.

Kwenye ukumbi mkubwa wa harusi, hotelini au kwenye tamasha, kuna sabufa za maana na fundi anachukua besi yako kwa waya hadi kwenye miksa. Kazi ya amplifaya inabadilika kabisa: inakuwa ya kukusikilizisha wewe, mpiga dramu na mpiga rizimu. Wati 200 hadi 300 na spika moja nzuri ya inchi 12, au mbili za inchi 10, zinatosha. Ukileta mtambo mkubwa kuliko hapo utagombana na fundi usiku kucha, maana sauti inayotoka jukwaani itachafua ile anayoitengeneza.

Kanisani mara nyingi hali iko katikati. Jengo lina mwangwi mkubwa, mabati juu, kuta tupu. Sauti ndogo iliyo safi inasaidia kuliko kubwa. Kwa mazoezi ya nyumbani au chumbani na wenzako bila dramu kubwa, wati 50 hadi 100 zinatosha.

Kama unafanya kazi za aina zote, nunua kwa ajili ya ile ngumu zaidi inayokupa riziki mara kwa mara. Onyesho la mara moja kwa mwaka unaweza kukodi.

Hatua ya 2: Zielewe wati, kisha ziweke pembeni

Muuzaji atakwambia, "Kaka, hii ni wati elfu moja." Muulize maswali mawili: ni wati za RMS, na ni kwenye ohmu ngapi? Akikujibu kwa kukuonyesha maandishi ya PMPO kwenye katoni, funga mjadala. PMPO ni namba ya kuuzia redio. Haina kipimo kinachokubalika, na ndiyo maana unaona redio ya mezani yenye spika za ukubwa wa kiganja ikijiita ya wati elfu kumi. Namba ya kufuata ni RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo.

Hata hiyo RMS ina tabia ambayo wengi hawaijui. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio linaiona lakini haimshtui mtu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, na hizo zinadai wati mara kumi. Kwa hiyo anayetoka wati 250 kwenda 500 kwenye boksi lilelile hajapiga hatua kubwa kama alivyolipia.

Historia ya chombo chetu inaonyesha jambo hilohilo. Mmarekani Leo Fender alipotoa gitaa la besi la Precision Bass mwaka 1951, mwaka uliofuata tu ilibidi atoe amplifaya yake maalumu, Bassman, kwa sababu gitaa jipya lilikuwa linadai mambo ambayo amplifaya za gitaa la kawaida hazikuundwa kuyabeba. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg wakaleta SVT: wati 300 za valvu, yaani mirija ya kioo ya kizamani, kichwa (amplifaya yenyewe bila spika) cha zaidi ya kilo 35, na boksi la spika nane za inchi 10 ambalo ukilibeba peke yako kiuno kitakudai. Leo kichwa kama Little Mark III cha kampuni ya Markbass kinatoa wati 500 kwenye ohmu 4 kikiwa na kilo 3 hivi, unakitia kwenye begi la mgongoni. Wati zimepungua uzito mara kumi na zaidi. Boksi limepungua kidogo tu, hasa kwa sababu ya sumaku za neodimiamu ambazo ni nyepesi, lakini ukubwa wake hauna njia ya mkato.

Hatua ya 3: Boksi la spika, na hapa tukae kidogo

Uzi wa E ulioachwa wazi unatetema mara 41 kwa sekunde. Kwenye besi ya nyuzi tano, uzi wa B unashuka hadi 31. Sauti nzito kiasi hicho haisikiki kwa nguvu mpaka hewa nyingi isogezwe, na kinachosogeza hewa ni karatasi ya spika ikienda mbele na nyuma ndani ya boksi lililopimwa vizuri. Karatasi ndogo ndani ya kiboksi kidogo itajitahidi, itafika mwisho wa mwendo wake, halafu itaanza kukoroma. Hata ukiiongezea wati utakuwa unaharakisha tu kifo chake.

Namba ya kutafuta kwenye maelezo ya boksi ni usikivu wake: desibeli ngapi linatoa kwa wati 1 ukisikiliza umbali wa mita 1. Maboksi ya besi mengi yako kati ya 94 na 100 au zaidi kidogo. Angalia maana yake kwa pesa yako. Boksi la 94 linahitaji wati 400 kufikia sauti ambayo boksi la 97 linaifikia kwa wati 200, na boksi la 100 kwa wati 100. Mtu anaweza kuwa na kichwa kidogo kuliko chako na akakufunika, na hakuna uchawi wowote. Namba hizi kampuni huzipima kwa namna tofauti kidogo, kwa hiyo zitumie kuchuja, halafu masikio yaamue.

Ukubwa wa spika una hadithi nyingi za mtaani. Wengi wanaamini inchi 15 lazima ishuke chini kuliko inchi 10. Haiko hivyo kila mara. Boksi zuri la inchi 10 mbili au nne linaweza kushuka kuliko boksi baya la inchi 15, kwa sababu ujazo wa boksi na muundo wa spika vina usemi mkubwa katika jambo hilo. Ninachoweza kukwambia kwa uzoefu wangu ni huu: inchi 10 zikiwa nne zinajibu haraka na zinapenya katikati ya magitaa, inchi 12 mbili zinanipa uzito na uwazi kwa pamoja bila kuvunja mgongo, na inchi 15 peke yake inafaa kwa anayepiga taratibu, noti ndefu.

Sasa fikiria muziki wetu. Besi ya dansi na rumba haikai kwenye noti moja. Inaruka, inaacha nafasi, inajibu gitaa, na kwenye chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, inapanda mpaka kwenye fungu (freti) la kumi na mbili na kurudi. Sikiliza jinsi mpiga besi Tom Malanga alivyopiga na bendi ya Les Wanyika: kila noti ina mwanzo na mwisho wake, unaweza kuiimba. Hiyo haitoki kwenye boksi linalovuma tu. Inatoka kwenye sauti za kati, takriban kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 na 800, zikiwa wazi. Boksi linalokupa mngurumo mzuri dukani ukiwa peke yako linaweza kupotea kabisa tumba na kick (dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu) zikiingia, maana nazo zinaishi hukohuko chini.

Kuhusu twita, ile spika ndogo ya sauti za juu: kama unapiga kwa kidole gumba na kupigapiga nyuzi kama watu wa injili wanavyopenda, utaihitaji. Kama hupigi hivyo, hakikisha tu ina nobu ya kuipunguza.

Na kama bajeti hairuhusu boksi kubwa sasa, nunua boksi moja zuri la ohmu 8 leo na panga kuongeza la pili la aina ileile kesho. Maboksi mawili yanayofanana yanakupa hewa mara mbili, na kichwa nacho kinatoa wati zaidi. Faida ya pamoja inaweza kufika desibeli 5 hivi. Unapoyafunga, yapandishe moja juu ya jingine. Yakikaa bega kwa bega, sauti za kati zinabanwa mbele, na wenzako walio pembeni wanaukosa uwazi wa noti zako.

Hatua ya 4: Ohmu, mahali ambapo vichwa vinaungua

Hesabu ni fupi. Boksi moja la ohmu 8 ni ohmu 8. Mawili ya ohmu 8 kwenye matundu mawili ya kichwa yanakuwa ohmu 4. Mawili ya ohmu 4 yanakuwa ohmu 2. Kila unavyoongeza boksi, ukinzani unashuka na kichwa kinasukuma umeme mwingi zaidi. Vichwa vingi vya kisasa vimeandikwa nyuma kwamba visishushwe chini ya ohmu 4. Ukivifunga kwenye 2, vilivyo na kinga nzuri vitajizima katikati ya wimbo, visivyo na kinga vitaungua.

Hii pia inaeleza kwa nini kombo yako (kichwa na spika ndani ya boksi moja) haitoi wati zilizoandikwa. Fender Rumble 500 ni kombo nzuri ya kilo 17 hivi yenye spika mbili za inchi 10. Ikiwa peke yake inatoa wati 350. Zile 500 zinakuja ukiiongezea boksi la nje la ohmu 8. Soma mgongo wa mashine, jina lililo mbele halikwambii hayo.

Vichwa vya valvu vina sheria ya ziada: usikiwashe kamwe bila boksi kuunganishwa, transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na kwa kichwa cha aina yoyote, kutoka kwenye kichwa hadi kwenye boksi tumia waya wa spika, ule mnene, ikiwezekana wenye plagi ya Speakon inayojifunga. Waya wa gitaa unafanana nao kwa nje ukiwa na jeki ileile, lakini ndani nyuzi zake ni nyembamba. Zinapata joto na kupoteza nguvu, zinaweza hata kuyeyuka na kuunguza mashine. Nyaya za aina hizo mbili zitie alama kwa utepe wa rangi ili gizani msizichanganye.

Hatua ya 5: Kombo, au kichwa na boksi?

Swali la kweli ni unasafiri vipi. Bendi yenye gari lake na vijana wa kufunga vyombo inaweza kubeba chochote. Ukiwa unatoka na bajaji, au unapandisha ngazi ghorofa ya tatu saa tisa usiku, kilo ndizo zinaamua. Kombo ni kitu kimoja, unafika, unachomeka, unapiga. Lakini ikiharibika umekosa vyote viwili, na huwezi kuikuza zaidi ya alivyokusudia mtengenezaji. Mimi napendelea kichwa chepesi na boksi pembeni. Kichwa kikileta shida naazima cha mwenzangu na usiku unaendelea.

Hatua ya 6: Umeme wetu

Hili ndilo linaloua vyombo vingi, tena siku ya kwanza. Tanzania tuna volti 230, Kenya ni 240, zote hezi 50. Marekani na Kanada ni volti 120 kwa hezi 60, Japani ni 100. Amplifaya iliyotoka huko ikichomekwa moja kwa moja kwenye ukuta wetu inatoa moshi kabla hujatoa noti. Niliwahi kununua kichwa kizuri cha mtumba, nikaweka transfoma, nikawaeleza wenzangu wote isipokuwa kijana mmoja mpya. Jumamosi alitaka kunisaidia kufunga vyombo, akakichomeka moja kwa moja ukutani. Sikuwa na la kumlaumu, kosa lilikuwa langu kwa kutobandika maandishi.

Kwa hiyo geuza mashine, usome kibao cha nyuma. Kikisema 100–240 V, umepata bahati: itafanya kazi popote, na mashine za aina hii nyingi huvumilia umeme ukishuka. Kikiwa na swichi ya 115 na 230, hakikisha iko 230 na uifunge kwa utepe isiguswe. Kikisema 120 V tu, hesabu gharama ya transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo mkubwa kuliko mashine inavyokula, na uzito wake, kisha uone kama bado ni bei rahisi.

Jenereta ikitumika, iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uwashe amplifaya. Friji za vinywaji na oveni za jikoni zikiwaka kwenye laini moja na jukwaa, umeme unayumba. Omba laini yenu peke yenu. Stebilaiza nzuri ya bendi nzima ni ununuzi wa busara kuliko pedali yoyote.

Sasa nisikilize kwa makini. Ukisikia mvumo wa umeme kwenye spika, kuna mtu atakushauri uikate pini ya ethi, ile ndefu ya juu kwenye plagi, au uichomeke kwa njiti ya kiberiti kwenye soketi isiyo na ethi. Usifanye, na usimruhusu mtu afanye kwenye jukwaa unalosimama. Wewe umeshika nyuzi za chuma zilizounganishwa na amplifaya, midomo yako iko kwenye maiki iliyounganishwa na miksa. Amplifaya ikivujisha umeme na ethi haipo, njia ya umeme huo ni mwili wako. Wanamuziki wamekufa hivyo. Amplifaya na miksa zichukue umeme sehemu moja yenye ethi inayofanya kazi, na mvumo utibiwe kwa swichi ya kutenganisha ethi iliyo kwenye tundu la DI (lile la kupeleka besi kwenye miksa), ambayo inakata ethi ya waya wa sauti tu na kuacha ile ya usalama. Kabla ya kugusa maiki usiku wa kwanza kwenye ukumbi mgeni, ishike besi, kisha gusa chuma cha maiki kwa bisibisi ya testa. Taa ikiwaka, hata hafifu, usiguse wala usiimbe mpaka fundi umeme arekebishe.

Hatua ya 7: Matundu ya nyuma

Unachohitaji kweli ni tundu la DI la pini tatu, lenye swichi ya PRE na POST. Ikiwa kwenye PRE, fundi anapata sauti ya besi kabla ya nobu zako, na unaweza kubadilisha utakavyo jukwaani bila kumharibia. Kwenye POST anapata pamoja na mabadiliko yako. Makubaliano mazuri na fundi usiyemjua ni PRE. Tundu la hedifoni ni la nyumbani. Matundu mengine yote ni ya ziada, usilipie usichotumia.

Kitu kimoja ningelipia ni kichujio cha kukata sauti zilizo chini ya hezi 30 au 40. Huko chini hakuna muziki wa besi ya nyuzi nne, kuna vishindo vya kidole na mtikisiko wa jukwaa tu, navyo vinakula nguvu na kuchosha karatasi ya spika.

Hatua ya 8: Jaribio la dukani

Iwe ni Kariakoo ya Dar es Salaam, Luthuli Avenue ya Nairobi au duka la mtu unayemfahamu, nenda na besi yako na waya wako. Amplifaya ikijaribiwa kwa gitaa la dukani utajua sauti ya gitaa la dukani. Nenda asubuhi kabla wateja hawajajaa, na nenda na mwenzako anayejua kupiga.

Weka nobu zote za toni katikati. Zima vitu vya kupendezesha sauti. Piga kwa nguvu uwezayo huku ukipandisha geini (nobu ya nguvu ya sauti inayoingia) mpaka taa ya kuonya iwake, kisha irudishe kidogo. Hapo ndipo unapandisha masta, nobu ya sauti inayotoka. Piga noti za chini polepole, E, F, G, kila moja ishikilie. Sikiliza kama zote zina ukubwa mmoja, kama kuna kitu kinachotetema ndani ya boksi, kama karatasi inakoroma. Halafu panda juu upige mtindo wa chemko kwa haraka. Je, kila noti inajitenga na mwenzake?

Mpe mwenzako besi, urudi nyuma mita tano au sita, hata nje ya mlango. Chumba kidogo chenye kuta karibu kinaongeza besi, kwa hiyo kila amplifaya inasikika nene dukani. Ndiyo maana napunguza nobu ya besi mpaka karibu na mwisho na kusikiliza kinachobaki. Kikiwa bado ni muziki, mashine hiyo itasikika kwenye bendi. Kikiwa kimya chenye kukwaruza, iache hata kama bei inavutia.

Mwisho iache iwake dakika 20, ikipigwa. Feni isiwe na kelele, kusiwe na harufu ya plastiki inayoungua. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu kwa muda huo anakwambia jambo kuhusu bidhaa yake.

Hatua ya 9: Mtumba

Sioni aibu kununua mtumba, vyombo vyangu vizuri vimekuja hivyo, vingine vikitoka kwa makanisa yanayobadilisha mitambo. Pamoja na jaribio la juu, toa wavu wa mbele. Weka vidole vinne kuizunguka karatasi ya spika na uisukume taratibu, sawasawa. Ikikwaruza ndani, koili (waya uliozungushwa nyuma ya karatasi) imeungua au imepinda. Nusa tundu la hewa la boksi. Koili iliyoungua ina harufu ambayo haiondoki. Angalia kama spika zote ni za aina moja na za ohmu moja, maana mafundi wengine hubandika chochote kilichopo. Kwa sisi wa pwani, chunguza kutu kwenye skrubu na ndani ya matundu ya jeki, chumvi ya bahari haina huruma. Zungusha kila nobu: ikikwaruza tu, dawa ya kusafishia inatibu. Na fungua nyuma utazame mende. Wanapenda joto la amplifaya, na wanaharibu saketi.

Hatua ya 10: Usiku wa kwanza

Fika mapema. Weka boksi juu ya kreti imara la soda au kiti, lielekee masikio yako. Likikaa chini nyuma ya magoti utajisikia hafifu, utaongeza sauti, na watu wa meza ya mbele watateseka. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini linavuma kama ngoma. Kreti linapunguza na hilo pia. Kona ya ukumbi inaongeza besi bure, ikizidi sogea nje ya kona.

Usianze kwa kupandisha nobu ya besi. Kuiongeza kwa desibeli 6 tu kunadai nguvu mara nne kwenye sauti za chini, na nguvu hiyo huna ya kuchezea. Ukiona hupenyi, ongeza sauti za kati kidogo, kisha umwombe mpiga kinanda auache mkono wake wa kushoto upumzike. Mara nyingi tatizo lilikuwa huo mkono.

Wakati wa kujaribu sauti, tumia waya mrefu ushuke ukumbini ukiwa unapiga. Wimbi la noti ya E ya chini lina urefu wa zaidi ya mita 8, hivyo kuna meza zitakazopata besi nyingi na nyingine, hatua chache tu pembeni, zitakazoikosa. Tafuta wastani wa ukumbi mzima, na ukumbuke watu wakijaa sauti kali za juu zitapungua, kwa hiyo acha masta ikiwa na nafasi ya kupanda.

Ukipata sauti unayoitaka, weka alama za kalamu juu ya utepe pembeni ya kila nobu, piga picha kwa simu, na uandike jina la ukumbi. Ukimaliza, shusha masta, zima, subiri mashine ipoe, ndipo uchomoe nyaya na kufunga.